Kazi ya Kwanza ya Rubani na Deni la Kikundi

Maneno haya yalizungumzwa na rubani mstaafu, mzaliwa wa Molo, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana mjini Nakuru. Alikuwa ameombwa ajibu barua ya kikundi kimoja cha upande wa Njoro, kilichomkopesha binti wa mwanachama pesa za kumalizia masomo ya urubani. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

Mama Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaongoja matatu, hamjambo nyote? Ingieni mkae, viti viko huku mbele.

Mimi niliitwa kwa barua. Ninayo hapa mfukoni. Ni ya ukurasa mmoja, ina mhuri wa kikundi na sahihi tatu. Kwa ufupi inasema hivi: binti wa mwanachama wetu amehitimu urubani pale Wilson, Nairobi. Ana leseni na saa mia mbili na kumi za kuruka. Amepata nafasi tatu za kazi. Kikundi kinamdai shilingi 480,000. Halafu inaniuliza: je, kati ya kazi hizo tatu, ni ipi itakayolipa mkopo wetu haraka?

Nimeisoma mara nyingi barua hii, na siilaumu. Najua pesa zile zilitoka wapi. Watu thelathini na wawili, kila mmoja 15,000. Kuna aliyeuza kondoo. Kuna aliyeuza viazi vikiwa bado shambani, kwa bei ya hasara. Kuna mama mmoja ameniambia asubuhi hii kwamba zake zilikuwa za mabati ya jikoni, na jikoni bado inavuja. Kwa hiyo hili si jambo la mchezo. Binti mwenyewe amenipa ruhusa nizungumze habari zake bila kumtaja, basi msianze kugeuka geuka mkimtafuta.

Jibu langu nitalitoa mapema, ili anayewahi gari aende nalo. Kazi itakayolipa haraka kuliko zote ndiyo ile nisiyotaka aanze nayo. Na sababu moja kubwa ya yeye kuitamani ni zile tarehe mlizoandika kwenye fomu ya mkopo.

Sasa nieleze.

Wengi wetu hudhani mtu akipata leseni ya urubani amefika. Bado sana. Leseni ya kwanza ya kufanyia kazi ya mshahara hupatikana ukiwa na saa kama mia mbili hewani. Leseni ya juu, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka saa 1,500. Katikati hapo kuna saa 1,300, na ni lazima mtu akuajiri ndiyo uzipate. Kila saa huandikwa kwenye daftari: tarehe, ndege ya aina gani, kutoka wapi hadi wapi, ulikuwa mkuu wa ndege au msaidizi. Ukienda kuomba kazi kwenye kampuni kubwa, daftari hilo ndilo litakaloulizwa.

Ni kama dereva aliyepata leseni jana. Mwenye basi la Nakuru kwenda Mombasa hampi basi. Ataanza na pikapu ya mtu, ya kubeba viazi au maziwa. Lakini mjue jambo moja: ile tabia atakayofundishwa na mwenye pikapu ndiyo atakayoingia nayo kwenye basi. Kama alizoea kubeba kupita kiasi na breki mbovu, na siku moja akapewa watu sitini, mmemwona nyote barabarani.

Mimi nilipata leseni mwaka wa 1988. Baba alikuwa mkulima wa pareto Molo. Vijana hamtaamini, lakini wakati ule yale maua yalikuwa pesa, yalijenga nyumba na kusomesha watoto. Baba akauza ng'ombe wawili, ukoo ukachanga, ikafanywa harambee shuleni. Kamati ikaamua kwamba nusu ya mchango ni zawadi na nusu ni deni, na deni lianze kulipwa mwezi wa tatu baada ya mimi kupata kazi. Nikaweka sahihi. Ningeweka sahihi chochote siku ile.

Nikapata kazi mbili kwa wiki moja. Ya kwanza ilikuwa kubaki shuleni nifundishe wengine, kwa malipo madogo. Ya pili ilikuwa kampuni ndogo ya kukodisha ndege, mshahara karibu mara mbili. Nilichagua kwa dakika tano. Sikumwona fundi wao, sikuuliza rubani aliyekuwa kwenye kiti kile kabla yangu alikwenda wapi. Nilipiga hesabu ya deni tu, nikaona litaisha kwa mwaka mmoja na nusu.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa Januari mwaka wa 1989, saa nane mchana, nilitumwa kwenye kiwanja cha nyasi katika shamba moja la ngano huko juu Mau Narok. Ndege ilikuwa Cessna 206, injini moja, viti sita pamoja na changu. Niliambiwa nitachukua watu watatu. Kufika, nikakuta watano, wanene kidogo, na masanduku yao, na magunia mawili ya viazi ya kupeleka zawadi Nairobi. Nikapiga hesabu ya uzito kwenye karatasi. Ilikuwa imezidi. Nikaita kampuni kwa redio. Mwenye kampuni akanijibu kwa upole sana. Akasema: kama hutaki, rudi na ndege tupu, lakini ujue kuna vijana kumi hapa nje wanaotaka kiti chako.

Akina mama, ninyi mnajua maharagwe ya Molo huchelewa kuiva kuliko ya Kisumu. Kwa nini? Kwa sababu huku juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla hayajawa na moto wa kutosha. Basi hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayobeba ndege na ndiyo inayoingia kwenye injini. Mau Narok, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, injini ndogo kama ile hupoteza kama robo ya nguvu zake. Bawa nalo hushika hewa kidogo. Ongeza jua la Januari mchana, ambalo hufanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ndege iliyoruka vizuri asubuhi kutoka mahali pa chini inaweza kukataa kabisa kuruka mchana kutoka kwenye nyasi za mlimani. Hilo nilikuwa nimefundishwa. Nililijua vizuri kama ninavyojua jina langu.

Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa umebaki siku tisa, na mzee wa kamati alikuwa na kawaida ya kuja nyumbani kwa baba tarehe moja, kabla ya chai ya asubuhi.

Nikawapakia wote, pamoja na viazi.

Tulikimbia kwenye nyasi mpaka nikaona mwisho wa kiwanja na ngano kavu imesimama mbele yetu. Kengele ya kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka ilikuwa inalia tayari. Tuliinuka kimo cha mtu, halafu tukaanza kushuka tena. Kilichotuokoa ni kwamba baada ya lile shamba ardhi inateremka. Tulifuata mteremko ule kama jiwe lililotupwa, polepole ndege ikapata mwendo, ikakubali kupanda. Abiria mmoja alikuwa anacheka, alidhani ndivyo ndege zinavyofanya.

Tulipotua Wilson, fundi mmoja mzee akazunguka ndege kama kawaida. Akainama kwenye gurudumu, akavuta kitu. Yalikuwa mabua ya ngano, yamejisokota kwenye ekseli. Hakusema neno. Akaniwekea mkononi, akaenda zake.

Ningependa kuwaambia kwamba niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Nilikaa miezi mitano mingine. Watu wa nyumbani waliniona kijana mwema, analipa kila mwezi, hachelewi. Hakuna hata mmoja aliyejua analipa na nini.

Hii ndiyo sababu nimekuja na gari mpaka hapa badala ya kujibu kwa barua.

Turudi kwa binti yetu. Nafasi yake ya kwanza ni rubani msaidizi kwenye ndege ya mizigo inayokwenda Somalia, na mzigo mkubwa ni miraa. Malipo ni kwa dola. Mshahara huo ni zaidi ya zile kazi nyingine mbili zikiunganishwa, na ndio uliomfurahisha mweka hazina. Simcheki. Lakini tuijue biashara yenyewe. Miraa haingoji. Inakatwa Meru, inakimbizwa usiku, na isipofika ikiwa mbichi imekwisha thamani. Kwa hiyo kila mtu katika safari ile ana haraka: dereva wa pikapu, mpakiaji, mwenye mzigo, na mwishowe rubani. Tena soko lenyewe linaweza kufungwa kwa tangazo la siku moja. Mwezi wa Machi mwaka wa 2020 Somalia ilizuia ndege za miraa kutoka Kenya, na soko halikufunguliwa mpaka Julai 2022. Hesabuni hiyo miaka. Mkopo wenu ungekaa wapi? Na tarehe 4 Mei mwaka huo huo wa 2020, ndege ya mizigo kutoka Kenya ilitunguliwa karibu na Bardale, Somalia. Ilikuwa imebeba vifaa vya msaada wa matibabu. Watu wote sita waliokuwa ndani wakafa.

Sisemi wanaoruka huko ni wapumbavu. Nimeruka huko mwenyewe, na baadhi ya marubani hodari niliowahi kukaa nao walikuwa wa kazi hiyo. Lakini walifika huko wakiwa na saa elfu mbili, elfu tatu. Mwenye saa mia mbili na kumi akikaa kando ya kapteni mwenye haraka, atajifunza haraka. Hatajua kwamba kuna namna nyingine.

Jambo hili nililiona Lokichoggio. Wazee mnakumbuka njaa ya Sudan Kusini. Mwaka wa 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha mpango wa kupeleka chakula, na Loki, kijiji cha Turkana karibu na mpaka, kikageuka kuwa kiwanja chenye shughuli nyingi ajabu. Vijana wengi wa Kenya walipata saa zao kule. Mimi nilikwenda mwaka wa 1992. Viwanja vya upande wa pili vilikuwa udongo mweusi, mvua ikinyesha hata trekta haipiti. Lakini wakati huo nilikuwa nimetoka kwenye ile kampuni ya ngano, nimefundisha miaka miwili na zaidi, nina saa zaidi ya elfu moja, na nimekaa na kapteni mzee aliyekuwa akigeuza ndege nyumbani bila aibu yoyote. Tulifika juu ya kiwanja, akatazama mara moja, akasema, leo hapana, tukarudi na chakula chetu. Wakubwa walimlalamikia, akasikiliza huku anakunywa chai. Nilijifunza zaidi kwa kumtazama akinywa chai ile kuliko kwa mtihani wowote niliofanya.

Nafasi ya pili ya binti ni kufundisha kwenye shule aliyosomea. Atasomeshwa cheti cha ualimu, kisha atalipwa kwa saa anazoruka. Mvua ikinyesha hakuna malipo, mwanafunzi akikosa karo hakuna malipo. Ndege ni ile ile ndogo kila siku. Faida yake ni kwamba mwalimu huona makosa yote ambayo binadamu anaweza kufanya ndani ya ndege, tena mapema, kwenye kiwanja anachokijua. Nilijua kutua vizuri siku nilipoanza kumweleza mtu mwingine kwa nini hatui vizuri.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo yenye mshahara mdogo wa mwezi. Ni kukaa kiti cha msaidizi kwenye Caravan zinazopeleka watalii Mara na Samburu. Mmeziona zikipita juu ya Bonde la Ufa, ndege nyeupe za injini moja, mabawa juu. Kwa nini naipenda? Kwa sababu asubuhi moja ndege ile inaweza kutua mara nne au tano kwenye viwanja vya changarawe, kimoja kina nyumbu, kingine kina tope, kingine kina upepo wa pembeni. Kazi ya rubani iko kwenye kuruka na kutua. Yule wa safari ndefu anaweza kuandika saa sita kwenye daftari na akatua mara moja tu. Tena hapo atakuwa na kapteni kando yake anayejua viwanja hivyo vyote.

Ina ubaya wake, nao niuseme. Kuna mkataba wa miaka miwili. Kampuni itamfundisha ndege ile kwa gharama yake, na akiondoka kabla ya muda, atalipa gharama hiyo. Mtu asiyesoma mkataba huo anaweza kujikuta na deni la pili juu ya deni lenu. Na watalii nao ni kama mvua. Julai mpaka Oktoba nyumbu wakiwa Mara ndege zimejaa, Aprili na Mei mtu anakaa akipanguza madirisha. Mwanzo wa 2008, sisi wa Nakuru hatuhitaji kukumbushwa kilichotokea hapa, wageni walikimbia na ndege zikalala. Mwaka wa 2020 wakati wa korona ikawa hivyo tena, hata zaidi.

Kuna mzee ameniuliza pale nje, mbona asingoje tu kampuni kubwa? Mzee wangu, hata kubwa hulala njaa. Shirika la Afrika Mashariki lilianza mwaka wa 1946, likavunjika 1977, na ndipo Kenya Airways ikaanzishwa. Jetlink, iliyokuwa ikibeba watu wetu wa Eldoret na Kisumu, ilisimamisha safari Novemba 2012, baada ya pesa zake nyingi kukwama Sudan Kusini. Hakuna kiti kisichotikisika katika kazi hii. Anachobaki nacho rubani kampuni ikifunga ni daftari lake na tabia yake.

Na vijana, msiniulize juu ya zile ndege za kunyunyiza dawa. Najua mnazipenda, zinapita chini chini juu ya ngano, zinafukuza kwelea, na mwaka wa 2020 zilisaidia kupigana na nzige. Ni kazi ya heshima. Lakini ni kazi ya kupita chini ya kimo cha mti mkiwa na nyaya za stima mbele. Msianzie hapo.

Habari hizi za kuchagua si mpya katika eneo letu. Ninyi wa Njoro mnaweza kujivunia au msijivunie, lakini mmoja wa marubani wanaotajwa sana duniani alikulia kwenu. Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakua kwenye shamba la baba yake Njoro, kwenye farasi na kinu cha kusaga. Alianza kujifunza kuruka mwaka wa 1931, mwalimu wake akiwa Tom Campbell Black. Huyo Campbell Black alikuwa pamoja na mama mmoja mjane, Florence Kerr Wilson, walipoanzisha Wilson Airways mwaka wa 1929, na ni jina la mama huyo linaloitwa kiwanja cha Wilson mpaka leo. Mwaka wa 1933 Beryl akapata leseni ya biashara. Akabeba barua, akabeba abiria, akabeba dawa. Halafu ikaja kazi yenye pesa nzuri kuliko hizo: kutafuta ndovu kutoka angani kwa ajili ya wawindaji matajiri, juu ya msitu wa miiba usio na mahali pa kutua wala mtu wa kukuokota. Rafiki yake Denys Finch Hatton alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege Voi mwezi wa Mei 1931, alipokwenda kujaribu jambo hilo hilo. Hata hivyo akaikubali. Aliishi, na Septemba 1936 akavuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, mafuta yakakatika akaangukia kwenye kinamasi Kanada, akatoka mzima. Mtu hodari sana. Lakini nikiwasikia watu wakimsifu kwa kuthubutu, mimi huwaza wale wengine waliothubutu vilevile, ambao majina yao hatuyajui kwa sababu siku yao ardhi haikuteremka mbele yao.

Na hapa kwetu milima haina mzaha. Tarehe 5 Juni 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, watu kumi wakafa. Ndege ni ile ile ninayomwambia binti aende kuruka. Nalisema makusudi, ili mzazi asije akaniambia baadaye nilimficha. Ndiyo maana namwambia kwanza aangalie ni nani anayeruka naye, na kama nyumba ile inamruhusu rubani kusema hapana mawingu yakishuka.

Nimempa maswali ya kuuliza kabla ya kuweka sahihi. Aende kwenye karakana yao amwone fundi mkuu, atazame kama mafundi wanasikilizwa au wanafukuzwa fukuzwa. Awatafute marubani wawili walioacha kazi pale, awanunulie chai. Na amwulize yule atakayemwajiri: mara ya mwisho rubani wako alipokataa kuruka, ilikuwaje? Kama atasema hajawahi kukataliwa, binti achukue mkoba wake aondoke.

Watoto wengine wana watu wa kuwaelekeza. Irene Koki Mutungi, ambaye mwaka wa 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa ile Boeing 787, baba yake pia alikuwa rubani. Swali kama hili alikuwa na wa kumwuliza pale mezani. Binti yetu baba yake ni mkulima wa ngano na mama yake ni mweka hazina wenu. Mezani pake mko ninyi thelathini na wawili.

Basi sasa fomu ya mkopo. Mmeandika 20,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa tatu wa kazi, kwa miaka miwili. Nimewauliza watu walio kazini: msaidizi mpya kwenye zile ndege za watalii, akiwa amepanga chumba Nairobi na anakula, hawezi. Akijaribu, atakopa kwingine. Au atachukua ile ya dola, na siku atakayopaswa kusema hapana atasema ndiyo, kama mimi.

Pendekezo langu ni hili, mlijadili. Mwaka wa kwanza alipe 5,000 kwa mwezi. Hizo ni 60,000. Mwaka wa pili 10,000 kwa mwezi, 120,000. Mwaka wa tatu na wa nne 12,500 kwa mwezi, jumla 300,000. Ukijumlisha, ni 480,000 kamili. Riba mtaamua wenyewe, mimi si mwanachama. Lakini angalieni: zile 60,000 za mwaka wa kwanza ni michango ya watu wanne. Mkikubaliana, wanne wenye shida kubwa zaidi warudishiwe zote mwaka huo, akianza yule mama wa mabati. Mwaka wa pili wanane. Ishirini waliobaki wangoje. Ni kungoja kwa kuumiza, sikatai. Kuna wenye karo za Januari kati ya hao ishirini.

Jambo la pili, andikeni kwamba akiacha kazi kwa sababu ya usalama, malipo yasimame miezi sita bila faini. Na asije mtu kwa baba yake tarehe moja asubuhi. La tatu, kila mwaka rubani hupimwa na daktari, na akishindwa hana kazi hata awe hodari vipi. Kwa hiyo ulizeni bima ya mkopo. Nilipotaja neno hilo mara ya kwanza mweka hazina aliniangalia vibaya, lakini ni gharama ndogo ukilinganisha na kumdai mzazi aliyefiwa.

Mama Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna swali lilikuwa pale nyuma, la yule mama mwenye leso ya kijani.

Ameuliza: na kama tukimlegezea, akapata pesa Nairobi akatusahau?

Mama, anaweza. Wapo waliosahau. Mimi nililipa deni langu lote kabla ya miaka miwili kwisha, na karibu niwaue watu watano kwa kulilipa kwa wakati. Kati ya mtoto anayechelewa na yule anayelipa kama mimi, ni ninyi mtakaochagua ni yupi wa kumwogopa zaidi. Siwezi kuwachagulia.

Binti amekaa ukutani upande wa dirisha. Ameniambia yuko tayari kujibu kuhusu mkataba wa miaka miwili, na ameuleta. Nadhani asomwe yeye kwanza, kisha fomu yenu. Mimi nitakaa nisikilize.